Mashine ya Kidole Kimoja

Anayefikiri kwamba kumnunulia mtu mmoja kitu kimoja ni kazi ndogo, huyo hana ukoo. Mimi ninao. Mwaka wa 1999 nilitaka kumpatia dada yangu Nyasuguta kompyuta ya kukunja, ile ya kuweka mapajani, iliyokwisha kutumika na watu wengine, ya bei ambayo haitatuacha tukila mboga za kuombaomba. Kabla sijaipata nilikuwa nimegombana na kaka yangu, na mtoto wa dada yangu, na mwenye duka. Nitawaeleza, lakini kwanza mumjue Nyasuguta.

Alikuwa mpiga chapa katika ofisi moja pale Homa Bay, kwa miaka mingi hata mabosi walikuja, wakahamishwa, wakaja wengine, yeye yuko palepale kwenye kiti chake chenye mto aliojishonea. Alipiga chapa bila kuangalia vidole, huku akibishana dirishani na muuza samaki kuhusu ukubwa wa ngege. Barua ya bosi ikiwa na kosa la lugha aliisahihisha bila kuomba ruhusa. Ikiwa na kosa la adabu, aliirudisha. Chini ya kila barua, pembeni kushoto, zilikaa herufi zake mbili ndogo za kuonyesha aliyepiga chapa. Jina la bosi lilikuwa kubwa, juu yake kuna sahihi ya mbwembwe. Siku moja aliniambia, "Dolphine, barua zote hizo nimeandika, na hakuna hata moja imesema neno langu." Nilidhani anatania.

Mumewe alifariki mapema. Alimlea mwanawe Ratemo peke yake, na kwa mshahara uleule akajenga nyumba ya vyumba viwili karibu na mlima Asego, ukikaa barazani unaliona ziwa. Watu wetu wa Kisii walimshangaa: mwanamke wa Kigusii anajenga kwa Wajaluo? Majirani wenyewe hawakushangaa. Walimwita Nyar Kisii, binti wa Kisii, wakawa wanaazimana naye chumvi na kugombana naye kuhusu kuku, na ugomvi huo aliufanya kwa Kijaluo cha kunyooka.

Kisha kiharusi kikamwangusha kazini. Mkono wa kulia ukafa, mguu ukawa wa kuburuta, na ulimi ukabakiwa na neno moja: "ba". Akitaka maji, ba. Akikasirika, ba. Hata mkono wa kushoto ulipungua nguvu. Daktari alituambia akili yake ni nzima, anasikia na kuelewa kila kitu, ila maneno hayatoki. Nikamleta kwangu Migori, ninakouza mitumba, nikawa namwosha na kumlisha. Asubuhi nilimpikia uji wa wimbi, nikautia sukari ya kutosha apate nguvu, naye alikuwa anasukuma kikombe kama mtoto. Nikamwambia, kunywa dada, wacha ukaidi.

Sasa aingie kaka yetu mkubwa, Motari. Motari ni mwalimu mstaafu, mtu anayesoma kwa sauti hata maandishi ya kwenye pakiti ya sabuni. Aliamua kwamba nyumba ya Homa Bay iuzwe na Nyasuguta ajengewe chumba huko nyumbani Kisii, nyuma ya jiko la Motari. Alipomwambia, dada alitikisa kichwa mpaka kitambaa kikaanguka.

"Ona vile anatetemeka," Motari akasema. "Ugonjwa imemkamata."

Dada akalia machozi. Motari akasema ni furaha. Nilipompa dada kalamu, aliandika kwa mkono wa kushoto, akatoa jasho kwa kila herufi. Motari akaigeuza karatasi huku na huku akasema kuku amepita hapo. Nikamwambia, kaka, huyu mtu anakataa. Akanijibu kwamba mgonjwa hana uamuzi, ana ndugu. Mnunuzi akapatikana. Ikabaki Nyasuguta akubali, na hilo nalo Motari alikuwa tayari kumsaidia, maana kidole gumba cha mgonjwa si kizito kukiinua na kukichovya wino.

Mimi nilikuwa nachemka, lakini nifanye nini? Kelele nilipiga. Kwa Motari kelele za mwanamke ni kama mvua kwenye bati, unangoja tu iishe.

Jioni moja nikamwona Nyasuguta akigonga meza kwa vidole vya kushoto. Nikafikiri ni ugonjwa kweli. Kisha nikaangalia vizuri. Kidole kilienda juu, kikarudi, kikaenda pembeni, kikasimama penye nafasi. Dada yangu alikuwa anapiga chapa mezani. Nilijisikia mjinga kwa kutoliona hilo mapema.

Asubuhi nikampeleka kwa kijana anayepiga chapa za watu pembeni mwa soko. Mashine yake ilikuwa ya chuma, ya kizamani, inataka kidole kipige kama nyundo. Kidole cha Nyasuguta kilikuwa cha kubembeleza. Alibonyeza, herufi ikainuka nusu ikarudi. Alijaribu mpaka akaweka kichwa juu ya mashine. Ndipo nikakumbuka duka la Dahir.

Dahir ni mtu wa Wajir, anauza redio, betri na cherehani, na siku hizo binamu yake alikuwa anamletea kutoka Nairobi kompyuta kuukuu. Nilienda peke yangu, nikabonyeza vitufe vya moja. Laini kabisa. Nikasema, basi, tumemaliza. Tunataka vitufe laini, maandishi makubwa, na mashine nyepesi ya kukaa mapajani mwa mgonjwa. Hatutaki kingine.

Kumbe nilikuwa sijaanza. Pesa zangu hazikutosha, ikabidi niwaombe Ratemo na Motari wachange, na kila aliyechanga alichanga na mdomo wake. Motari sikumwambia ni ya nini. Nilimwambia ni ya kumliwaza mgonjwa.

Ratemo alikuwa karani wa kampuni ya bima Nairobi. Alinipigia kupitia simu ya duka la jirani, akaniuliza kama hiyo kompyuta ina sidii, kama ina modemu, kama ina Windows ya juzi au ya juzi kutwa. "Auntie, hizo za zamani ni slow," akasema. "Utanunua takataka." Nikamuuliza mamake anakimbilia wapi. Motari naye akasema lazima iwe na rangi, tena kubwa, kwa sababu kamati yake ya shule ina ripoti nyingi na si vizuri mashine ilale bure mgonjwa akilala. Kila mmoja alikuwa anajinunulia mashine yake kwa jina la Nyasuguta. Ungedhani tunanunua trekta ya kijiji.

Hata siku ya kwenda dukani ilikuwa vita. Ijumaa Dahir hufunga mchana akaenda msikitini, na jua likitua Sabato yetu inaingia, mpaka Jumamosi jioni hatununui hata kiberiti. Jumapili Motari alikuwa na mazishi, na Motari hakosi mazishi yenye kipaza sauti. Tukaenda Jumatatu, na huyo mnunuzi wa nyumba alikuwa aje Jumatano. Ratemo alikuwa ameomba ruhusa kazini akaja. Nyasuguta nilimvisha lile gauni lake la ofisini, nikamkalisha kwenye kiti mlangoni mwa duka.

Dahir alitoa mashine tatu. Kubwa ilikuwa na rangi na sidii. Ya pili ilikuwa ya katikati kwa kila kitu. Ya tatu ilikuwa ndogo, ya kijivu, kioo chake hakina rangi, pembe moja imeliwa.

"Hii kubwa inatosha ofisi mzima," Dahir akasema. "Hii ndogo sitaki danganya nyinyi, ni ya kuandika tu. Na betri yake ni mzee, saa moja imekwisha."

"Ya kuandika tu ndiyo tunataka," nikasema.

"Wacha haraka, Dolphine," Motari akasema. Alikuwa ameshafungua mchezo wa karata kwenye ile kubwa. "Vitu vya bei rahisi vinakuja kulia baadaye."

"Uncle, hata hiyo kubwa memory yake ni kidogo," Ratemo akasema. "Afadhali tungoje Krismasi, nitafute Nairobi."

"Krismasi?" nikasema. "Jumatano inakuja kabla ya Krismasi."

Wakaanza. Motari anataka rangi, Ratemo anataka kungoja, Dahir anatetea bidhaa yake, mimi nawapinga wote watatu kwa pamoja, na hakuna aliyemuuliza mwenye kidole. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti, lakini sisi tulio hai ndio tuliokuwa tunapiga domo. Nilikuwa na hasira ya kutosha kuvunja kabati la kioo la watu.

Ile ndogo ilikuwa inamziba Motari asicheze karata vizuri. Dahir akaiinua, akatafuta mahali pa kuiweka, meza imejaa redio, akaiweka mapajani mwa Nyasuguta. Akaiwasha, maana dukani kwake kitu hakiuzwi bila kujaribiwa, akarudi kubishana. Mimi niliendelea na Ratemo kwa muda mrefu sana. Nilipogeuka, kidole cha kushoto cha dada kilikuwa kinatembea. Polepole, lakini hakitafuti njia. Shingo yake ilikuwa imenyooka vile ilivyokuwa inanyooka ofisini.

Nikamgusa Motari. "Kaka, soma."

Motari hakatai kusoma. Akavaa miwani, akainama, akaanza kwa ile sauti yake ya mazishini.

"Homa Bay," akasoma, akasimama. "Lakini tuko Migori."

"Soma, Uncle," Ratemo akasema.

"Kwa Bwana Motari. Kuhusu, nyumba yangu." Sauti ikashuka. "Nyumba haiuzwi. Sijawahi kukubali. Narudi kwangu, na pensheni yangu itamlipa mtu wa kunisaidia. Atakayeshika kidole changu gumba ajue nimekataa mbele ya shahidi. Shahidi, mwenye duka hili."

Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini aliandika Kiswahili. Sisi nyumbani ni Kigusii, na ofisini kwake ilikuwa Kiingereza. Aliandika lugha ambayo Dahir angeisikia ikisomwa na kuielewa, mtu wa nje, asiye na shamba wala binamu katika ukoo wetu, ambaye Motari hangeweza kumwambia anyamaze. Ratemo aliinama akaweka mkono begani mwa mamake, hakusema tena habari ya Krismasi.

Dahir alisogea akaangalia kioo mwenyewe. "Mzee, mimi nimesikia na nimeona," akamwambia Motari. "Mkiniita popote nitasema hivyo."

Mngedhani imeisha. Motari alivua miwani, akaifuta, akairudisha. "Barua bila sahihi si barua," akasema. Nusura nimpige na redio.

Nyasuguta hakumtazama. Alibonyeza kitufe cha herufi kubwa, akaandika jina lake lote, mahali pale ambapo miaka yote lilikaa jina la bosi. Kisha akashuka chini, pembeni kushoto, akaweka herufi zake mbili ndogo. Motari aliziangalia. Alizijua. Alishawahi kupokea barua kutoka ofisi ile. Akasema kwamba yeye alikuwa anataka mema tu, akatoka nje kununua gazeti.

Mimi machozi yalinitoka na sikuyaficha. Nilifurahi, tena niliumia. Nilimpigania apate kusema, na neno lake la kwanza likawa kwamba anaondoka kwangu. Nikasema moyoni, angalau sasa atasema asante, maana kidole kilikuwa bado kinatembea. Nikainama.

"Nakala kwa Dolphine," alikuwa ameandika. "Uji usitiwe sukari."

Ratemo alicheka mpaka akakaa juu ya cherehani. Nyasuguta naye alicheka, ba, ba, ba, mdomo umepinda upande mmoja. Vikombe vyote vile alivyosukuma, na mimi nikimwita mkaidi. Sikujua nilie au nimpigie kelele, nikalipia ile ndogo.

Jumatano mnunuzi alipokuja, kaka alimwelezea habari za hali ya hewa, nyumba hakuitaja. Baada ya Sabato nilimpeleka dada Homa Bay. Majirani walikuwa wamefagia uwanja, na Filister, jirani mwenye kuku wa ugomvi, alikuwa tayari ameajiriwa kumsaidia bila kuulizwa. Nikawasha moto, nikapika uji wa wimbi, bila chembe ya sukari, nikampelekea barazani. Akaonja. Akaweka kikombe chini, akafungua mashine, na mimi nikasimama pale na kitambaa cha jikoni nikingoja, herufi moja, nyingine, nyingine, betri ile ya kizee ikiisha na subira yangu nayo.

"Mwepesi mno," akaandika.

Nikamwambia ajipikie mwenyewe. Kisha nikarudi jikoni kuongeza unga.