Salamu Ambazo Mwanaisha Hakuzituma

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyetuumba kwa udongo mmoja akatutawanya katika miji mingi, wala hapotelewi na hata mmoja wetu. Yeye huzichukua roho zetu tulalapo na kuturudishia tuamkapo. Rehema na amani zimshukie Mtume wake, na jamaa zake, na masahaba wake. Walimu wetu walitufundisha kwamba ndoto njema husimuliwa kwa mtu akupendaye. Nawasimulieni nyinyi mnaosoma, kwa kuwa nawadhania wema huo.

Usiku ule nilikuwa nimelala nyumbani kwetu Ngamiani, hapa Tanga, katika chumba tulicholala mimi na mdogo wangu Mwanaisha tangu waume zetu walipotangulia mbele ya haki. Kitanda chake kilikuwa kitupu. Alifariki wakati wa vuli, na sasa masika yalikuwa yanakaribia.

Kwanza niseme jinsi mambo yalivyokuwa. Ndugu yetu Hemedi yuko Maskati tangu ujana wake. Kila siku baada ya sala ya alasiri Mwanaisha alikuwa akikaa uani, akiisogeza simu mdomoni kama anayetaka kuing'ata, akimtumia Hemedi kwa sauti habari za mtaa mzima: nani kaposwa, nani kajifungua, ukuta wa nani umeanguka kwa mvua. Mbuzi wa Mzee Kibwana alipokula mkeka mpya wa arusi, Maskati walijua kabla ya bibi arusi. Hemedi naye alikuwa akimjibu kwa utani, akimwambia redio ya serikali inamsubiri akatangaze. Jamaa walio kwingine, Mwanza na Mombasa, walikuwa wakipata habari za ndugu zao wenyewe kupitia kwa Hemedi, aliyezipata kwa Mwanaisha.

Siku Mwanaisha alipofariki, Hemedi alikuwa hospitalini amepasuliwa kifua kwa maradhi ya moyo. Binti yake, Nasra, alinipigia simu akilia. Akasema madaktari wamekataza baba yake asishtuliwe kwa lolote, akatuomba tusimwambie mpaka apate nguvu. Tukamwahidi. Haikuwa jambo geni kwetu. Msafiri hapewi habari ya msiba akiwa njiani. Huambiwa tu kwamba mgonjwa yu taabani, aje, hata akifika mlangoni akaona watu wamekaa mkekani, anajua mwenyewe. Lakini Hemedi hakuwa na safari ya kufika mwisho wake. Yeye alikuwa kitandani, ugenini, na anauliza.

Alipotoka hospitali, neno lake la kwanza lilikuwa: mbona Mwanaisha hasemi siku hizi? Tukamwambia koo limemkauka. Akasema mpeni uji wa pilipili manga, ingawa huyo hata koo likikauka, ulimi haukauki. Tulicheka, kisha tukatazamana. Alipouliza tena, tukasema yuko Muheza kwa wajukuu, na huko simu hazishiki vizuri. Na kila mazungumzo yalipokwisha, mmoja wetu alikuwa akiongeza, kwa huruma: Mwanaisha anakusalimia sana.

Basi usiku ule naona ni alasiri. Jua limelala juu ya ukuta wa uani. Mlango wa nyuma unafunguka, na Mwanaisha anaingia amebeba sinia lililofunikwa kawa, kama tulivyokuwa tukipeleka futari kwa majirani.

Sikuogopa. Nilijua amekufa, maana nilimwosha kwa mikono yangu mwenyewe. Na mikono ile ile ndiyo iliyomtambua, kabla ya macho. Uso wake ulikuwa umetulia kama maji yaliyolala mtungini. Yeye aliyekuwa hawezi kufika mlangoni bila kuanza kusimulia, alisimama mbele yangu kimya, na kimya chake kilikuwa kimejaa, si kitupu. Nywele zilinisimama, si kwa hofu, bali kama anayesikia Qurani ikisomwa vizuri mahali asipopategemea.

"Inuka, dada," akasema. "Tuzunguke."

Tukatoka. Barabara ni ile ile, baiskeli zimeegemezwa kutani, mwuza kahawa anagonganisha vikombe vyake. Watu hawatutazami. Mwanaisha anabisha hodi kwa jirani yetu Bi Rukia, mlango unafunguka, na ndani si kwa Bi Rukia. Ni Mwanza, sebuleni kwa binamu yetu Athumani, na ziwa linang'aa dirishani. Wala sikushangaa kwamba tumefika Mwanza kwa kuvuka kizingiti. Athumani ameketi juu ya msala, midomo yake inacheza polepole. Alipopangusa uso kwa viganja, Mwanaisha aliifunua kawa, na ndani ya sinia mlikuwa na tende mbivu ambazo hazikuwamo.

Tunafungua mlango wa pili. Ni Mombasa, jikoni kwa Saida, bintiye Mwanaisha. Saida anakoroga chungu, mtoto mgongoni, na hata mwiko hauachi, lakini nasikia moyo wake ukisema: Mungu amrehemu mama yangu. Ni hayo tu, na mvuke unampiga usoni. Kawa ikainuka yenyewe. Mkate wa kumimina ulikuwa humo, wa moto, umefura vizuri. Mwanaisha alisimama akimtazama mwanawe. Hakumgusa. Alivuta ile harufu tu, akafunika sinia, tukatoka.

Milango ikawa mingi. Mingine ni ya jamaa, mingine ya mtaa. Kwenye chuo changu cha Qurani watoto wanasoma Fatiha mbiombio ili watoke kucheza, nami nataka kuwakaripia wasome kwa utulivu, lakini naona sinia limejaa mwanga mdogo mdogo kama punje za mchele, na Mwanaisha anatabasamu. Hata Mzee Kibwana, ambaye mbuzi wake alitangazwa mpaka Maskati, alikuwa ametoa chake. Sinia lilikuwa likizidi kujaa na halikuwa likizidi uzito. Miaka yote nilikuwa nikifundisha kwamba dua ya aliye hai humfikia maiti. Nilikuwa nikifundisha kwa kusoma. Sasa naona kwa macho.

Kisha joto linatupiga, na tuko Maskati. Hemedi amekaa kochini, kovu linaonekana kwenye ukosi wa kanzu. Na yeye, peke yake kati ya watu wote tuliowazuru, alituona. Alituona kwa sababu kwake Mwanaisha hajafa. Akacheka, akamuuliza kama koo limepona, akavuta sanduku kutoka chini ya kochi. Akatoa kanga, doti moja baada ya nyingine. Akatoa viatu, udi, manukato. Kila alichokiweka juu ya sinia kilipita, kikaanguka chini bila sauti. Yeye haoni. Anaendelea kuweka, anaendelea kucheka, na sakafu inajaa.

Mwanaisha akanigeukia. Hapo ndipo nilipoona huzuni usoni mwake.

"Dada, salamu mnazompa sikuzituma mimi. Naye ananitumia vya duniani, na sina pa kuvivaa."

Nilitaka kumwambia habari ya moyo wa Hemedi, na madaktari, na ahadi yetu kwa Nasra. Ulimi ulikuwa mzito, lakini aliyasikia yote.

"Moyo wake una Mwenyewe," akasema. "Mpeni habari yangu."

Nikaamka. Mwadhini alikuwa akisema sala ni bora kuliko usingizi. Mashavu yangu yalikuwa maji, na chumbani mlikuwa na utulivu ambao sikuthubutu kuuvunja hata kwa kuwasha taa.

Nilisali, nikakaa juu ya msala nikitafakari. Ndoto haihalalishi wala haiharamishi, na ahadi ni deni. Sikuwa na ruhusa ya kumvunjia mtoto ahadi kwa sababu ya usingizi wangu. Kwa hiyo nilimpigia Nasra, nikamsimulia yeye kwanza, neno kwa neno.

Kisha akasema, "Shangazi, baba hali vizuri. Anajiuliza kamkosea nini shangazi Mwanaisha hata amnunie hivi."

Kumbe tulipokuwa tukiulinda moyo wake, moyo wenyewe ulikuwa ukiliwa kwa upande mwingine. Nasra akaniambia baba yake sasa anatembea mpaka msikitini na kurudi, na kwamba atakaa karibu naye, amshike mkono, dawa ziwe tayari. Akampa simu.

Hemedi akaanza mzaha kuhusu watu wazima wasiojua kulala. Nikamwacha amalize. Kisha nikamwambia, "Hemedi, ndugu yangu, Mwanaisha ametangulia. Ulikuwa hospitalini. Nilimwosha mwenyewe, na amelala ubavuni mwa mama."

Nilisikia pumzi yake ikiingia na kutoka. Nilisikia Nasra akimwita baba, baba. Nikashika tasbihi bila kujua ninahesabu nini. Hatimaye akasema kwamba sisi ni wa Mwenyezi Mungu na kwake ndio marejeo yetu. Akauliza kwa sauti ndogo kama ya utotoni:

"Kwa hiyo hakuninunia?"

"Hakukununia."

Akalia, na kilio chake kilikuwa cha mtu aliyetua mzigo. Alipotulia alimwomba Nasra maji ya kutawadha, akaniambia nisikate simu. Nikasikia maji yakimwagika. Nasra akataka kumwekea kiti, kwa kuwa kifua chake hakijaruhusiwa kuinama. Akamkatalia, akamwambia sala ya maiti haina rukuu wala sijida, na Mungu amemwachia dada yake sala ambayo hata yeye anaiweza.

Akasimama. Akamsalia Mwanaisha sala ya ghaibu, kutoka Maskati, nami nimekaa Ngamiani na simu sikioni. Nilimsikia akitoa takbira, na mwisho, baada ya kutoa salamu, alimtaja kwa jina lake na jina la mama yetu, akamwombea kaburi pana na mgeni mwema wa kumliwaza. Jua lilikuwa limechomoza. Sikuona sinia wala mlango. Niliitikia amina.

Nawe uliyesoma mpaka hapa, Mwenyezi Mungu akuhifadhie ulio nao karibu na ulio nao mbali. Akujaalie ufikiwe na habari za watu wako zikiwa za kweli, na moyo wa kuzibeba. Na siku utakapokuwa huna tena ulimi wa kutuma salamu, asikosekane wa kukuombea. Amina.