Bahari ya Sebuleni, Nyakunguru

Juzi nilikwenda mjini, Bomani, kununua sare za shule za mwanangu. Fundi akaniambia nisubiri kidogo amalizie vifungo, nikakaa kwenye benchi nje. Mlangoni mwa duka la simu la jirani walikuwa wameweka kisanduku cha kioo chenye samaki wekundu wa maji matamu, wa kuvutia wateja. Pampu yake ilikuwa inanguruma taratibu, kama mtoto anayepuliza mrija ndani ya soda. Rafiki yangu, sauti ile ilinitoa pale benchini. Nilijikuta kijijini kwetu Nyakunguru, mtoto wa darasa la nne, nimepiga magoti kwenye sakafu ya sebule yetu, pua imegusa kioo, na baba nyuma yangu ananiambia, "Usipumulie hapo, kinaingia ukungu."

Sisi tulikuwa na bahari nyumbani. Najua inavyosikika. Kwetu ni nchi ya vilima, ya ndizi na mtama na ng'ombe, na mtu akisema amekwenda kuona maji mengi, ana maana ya ziwa kule Musoma. Lakini yetu ilikuwa bahari kweli, ya chumvi, yenye mawe yaliyo hai na samaki wenye rangi ambazo sikuwahi kuziona hata kwenye khanga.

Mwanzo wake ni ujana wa baba. Kabla hajaoa alivuka mpaka pale Sirari kama vijana wengi wa kwetu, akaenda kwa ndugu upande wa Kenya, akaendelea mpaka Mombasa. Huko alipata kazi hotelini. Kazi yenyewe ilikuwa kusafisha tangi kubwa la samaki lililokuwa pale mapokezi: kubadilisha maji, kupangusa kioo, kulisha. Alituambia kwamba wageni walikaa kwenye viti vya ngozi wakiwatazama samaki saa nzima, na yeye akiwa mbele yao na kitambaa mkononi, hawakumwona. "Nikasema, ipo siku na mimi nitakaa kwenye kiti, nitazame tu." Alisema hivyo bila uchungu, kama mtu anayeeleza kwa nini anapenda viazi.

Halafu dhahabu ikatokea. Miaka ile kijiji chetu kilijaa watu kuliko gulio. Kulipopambazuka tu zilianza nyundo za akina mama waliokuwa wakiponda mawe mbele ya nyumba zao, kisha makarasha, mashine za kusagia mawe, yakaanza kunguruma, kisha redio, kisha harufu ya chipsi na mishikaki kutoka vibanda vilivyoota jana yake. Darasani tulikuwa tunapungua kila wiki, maana wenzetu walikwenda kuokota mawe. Mwalimu wetu alikuwa na msemo wake, akiandika ubaoni huku ametupa mgongo: "Dhahabu huisha, hesabu haiishi." Nasi tulicheka kimoyomoyo, kwa sababu wale waliotoroka hesabu ndio waliokuwa na viatu vipya.

Baba na wenzake walikuwa na duara lao, ndivyo wachimbaji wanavyoliita shimo la kuchimbia. Siku moja likajibu, likatoa dhahabu. Nyumba yetu ya udongo ikageuka ya tofali na bati. Bibi, mama yake baba, akasubiri ng'ombe. Alisubiri kabisa, alimwita kijana akarekebisha ua wa zizi. Badala yake baba akarudi kutoka mjini na vioo vizito vilivyofungwa kwenye magodoro.

"Mura," bibi akamwambia, kwa sababu kwake baba alibaki kuwa mura, kijana, mpaka mwisho, "mtu akipata mali ananunua ng'ombe. Hivi ni vya nini?"

"Vya samaki, mama."

"Wa kula?"

"Wa kutazama."

Bibi akaenda kukaa jikoni, hakutoka mpaka jioni.

Baba alijenga kwanza kitako cha tofali na saruji, akisema meza ya mbao ingepinda, maji ni mazito kuliko mtu anavyodhani. Akaviunganisha vioo kwa gundi nyeupe ya mafundi wa madirisha, akaacha ikauke siku kadhaa huku nyumba nzima ikinuka kama siki. Akajaza maji ya kawaida kujaribu kama panavuja. Palivuja pembeni. Akamwaga, akakausha, akaanza upya, akipiga mluzi. Mvua za masika zilipoanza alikinga maji kwenye bati kwa mapipa, baada ya kuacha mvua ya kwanza ioshe vumbi. Chumvi haikuwa hii ya jikoni. Ilikuwa chumvi maalumu, iliyoletwa na rafiki yake kwa basi kutoka Mombasa mpaka Sirari pamoja na mchanga mweupe wa matumbawe. Alikoroga kwenye ndoo ya bluu, ndoo ambayo haikuruhusiwa kuguswa na sabuni wala kushikwa na mkono uliopakwa mafuta, kisha akatumbukiza kipimo cha kioo kinachoelea, akainama mpaka jicho lake likawa sawa na maji.

Bibi alichovya kidole, akaonja. "Ng'ombe wangeyapenda haya," akasema.

Yakaja mawe, yamefungwa kwenye magazeti mabichi. Yalinuka samaki waliooza, na mama akatishia kuhama. Baba akatuambia ndani ya mawe yale mna viumbe wadogo wasioonekana, na ndio watakaosafisha maji, ila lazima tuwape muda. Maji, alisema, huiva kama pombe. Kwa wiki nyingi tulikuwa tunatazama sanduku la maji ya kahawia yenye utando, na majirani walipita kutoa pole. Ndipo asubuhi moja nikaamka nikakuta yamekuwa meupe, nikaona mpaka ukuta wa nyuma.

Samaki walifika kwenye mifuko ya plastiki iliyojaa hewa. Wawili wa rangi ya chungwa wenye mikanda myeupe, mmoja wa buluu kali, kamba mdogo mwekundu mwenye masharubu, konokono wa kusafisha kioo, na vipande vya matumbawe vilivyokuwa vimejikunja kama ngumi. Baba aliiweka mifuko ielee juu ya maji, akawaongezea maji ya tangi kidogo kidogo, kwa kikombe cha chai, hakutaka kuharakishwa. Kesho yake matumbawe yalifunguka. Yalitoa vidole laini, vikapepea. Mama, ambaye alikuwa hajasema neno zuri juu ya jambo lile tangu vioo vifike, alisimama na sufuria ya uji mkononi mpaka uji ukapoa.

Ile ndiyo miezi ninayoipenda. Baba alinunua kiti, akakiweka mbele ya tangi, na jioni akitoka duarani, ameoga, alikaa. Watoto wa jirani walijaa dirishani. Jenereta ilizimwa tulipomaliza kula, pampu ikaunganishwa na betri ya gari, na kwa kuwa baridi ya kwetu ingewaua, tangi lilizungushiwa mablanketi. Moja lilikuwa la bibi. "Mimi nitetemeke, samaki wafunikwe," alilalamika, lakini ni yeye aliyekuwa akiamka alfajiri kuhakikisha halijadondoka. Mimi nilisaga dagaa ziwe unga, nikawapa kwa ncha ya vidole. Kazi nyingine ilikuwa kuongeza maji. Maji ya bahari yakipungua kwa joto, chumvi yake haiondoki, inabaki. Kwa hiyo unarudishia maji matamu, tena ya mvua tu. Baba alilisisitiza hilo. Hotelini mtu aliwahi kusahau kipande cha waya wa shaba ndani ya tangi, kamba wote wakafa. "Hawa hawajui kuvumilia," alisema. "Sisi ndio tunaovumilia."

Kiangazi kilikuja kikali. Mapipa yakakauka. Sisi watu tulikuwa tukitumia kijito kilichopita bondeni, kama kijiji kizima: kunywa, kupika, kufua, ng'ombe. Juu kidogo ya pale tulipochota ndipo ilipokuwa mialo, zile sehemu za kuosha mchanga wa dhahabu. Wanaume na wanawake waliinama juu ya makarai, wakakoroga mchanga na zebaki kwa mikono mitupu, zebaki inakamata dhahabu, matope yanakwenda na maji. Mwalo mmojawapo ulikuwa wa baba na wenzake. Kile kidonge cha zebaki na dhahabu alikichomea nyumbani, kwenye jiko la mkaa nyuma ya jiko la mama. Watoto tulifukuzwa moshi ukitoka, basi tukazunguka upande wa pili, tukachungulia.

Wiki hiyo baba alikuwa amelala huko duarani na wenzake, wanafuata mshipa wa dhahabu. Maji ya tangi yakashuka, pampu ikaanza kulia kama inakunywa hewa. Mama alikuwa mjamzito, mzito, na alikuwa ametoka bondeni na ndoo. Alisimama akafikiri. Hakuwa mzembe, ningependa ulijue hilo. Alikuwa amejifunza hata kusoma kile kipimo. Pampu ingeungua, na mvua haikuwepo. Akachuja maji ya kijito kwa kitambaa cheupe, akamimina polepole, kwa kikombe, kama alivyoona kwa baba.

Asubuhi kamba alikuwa amelala ubavu. Konokono walikuwa wamedondoka mchangani, matumbawe yamejikunja tena. Kufika adhuhuri samaki wa buluu alikuwa anapumua juu juu, na wale wa chungwa walisimama pembeni, wamekaribiana. Jioni walikuwa wameisha wote. Mama alikaa kwenye kiti cha baba, akashika tumbo.

Baba alirudi kesho yake, amejaa vumbi, anacheka. Mshipa walikuwa wameupata. Kicheko kikamwishia mlangoni. Alitumbukiza mkono, akamtoa kamba, akamgeuza kiganjani.

"Mmeweka maji gani?"

"Ya bondeni," mama akasema.

"Ya bondeni wapi?"

"Yale tunayokunywa."

Bibi alikuwa mlangoni na kibuyu cha maziwa ya mgando, akamtazama mwanawe, akamtazama mkwewe, akalitazama tumbo. Nakumbuka nilitaka baba apige kelele. Alikiweka kile kimnyama juu ya kioo, taratibu, akatoka nje, akaenda kukaa kwenye zizi lisilo na ng'ombe.

Alijaribu. Sitaki useme hakujaribu. Alikwenda kwenye mkutano wa kijiji, akasimama, mtu asiyependa kusema mbele za watu, akaeleza habari ya samaki wake na maji na zebaki. Mzee mmoja akamjibu kwa upole, "Kijana, samaki wa chumvi ametiwa maji ya mto, amekufa. Hilo nalo linahitaji mkutano?" Watu wakacheka, na hata mimi ningecheka. Baba alisema hapana, yalikuwa maji kidogo tu, samaki hafi kwa kiasi kile. Wakamuuliza basi mialo ihamie wapi. Wakamuuliza kama yeye atafunga wake. Akaketi. Wenzake walikuwa wanamtazama, na mshipa ndiyo kwanza umepatikana.

Hakuufunga. Jioni ile ile jiko la mkaa liliwashwa.

Mama alimwomba twende kwao, Kemambo, kwa wazazi wake, angalau mpaka ajifungue. Baba akasema baada ya mzigo huu wa mawe ya dhahabu. Ulipokwisha mzigo huo akasema baada ya unaofuata, na mama hakuwa tena na nguvu za safari. Tuliendelea kunywa. Ungefanya nini? Kiu haingoji mkutano.

Mdogo wangu alizaliwa mvua zilipoanza, mapipa yamejaa. Alikuwa mzuri, mwenye nywele nyingi. Hakulia sana, na bibi alisifu utulivu wake. Wenzake walipoanza kukaa, yeye shingo yake ilikuwa bado inaanguka. Walipoanza kutembea, tulikuwa tunambeba. Tulimpeleka hospitali, tena na tena, na kwa waombeaji, na kwa mganga mmoja ambaye bibi alimwamini. Kila mmoja alisema lake. Hakuna aliyesema ni maji, na hakuna aliyesema si maji. Nilipokuwa mkubwa kidogo nilimuuliza mama ana kwa ana. Alikuwa anamlisha uji kwa kijiko, akifuta kidevu.

"Usiniulize tena," akasema. "Jibu lolote utakalolipata, kesho tutakwenda kuchota pale pale."

Na kesho yake tulikwenda.

Mshipa ulikatika, kama mishipa yote. Wageni wakaondoka na redio zao, vibanda vikabaki miti mitupu. Baba aliliuza tangi kwa mama mmoja wa mandazi, akawa anayapanga humo yasiingie nzi. Kile kiti kilikaa nje, kikaota ukungu. Alianza kutetemeka mikono, kwanza akishika kikombe, baadaye hata ikiwa imelala juu ya magoti, na alikufa kabla hajawa mzee. Bibi alitangulia, bila kuona ng'ombe hata mmoja kwenye lile zizi. Mama amelala Kemambo. Huko alifika mwishoni.

Nyakunguru yangu haipo. Nyumba zimesogea, maduara yamekuwa madimbwi ya kijani, na mtoto ukimwonyesha bondeni ukamwambia palikuwa na kijito anakutazama kwa huruma. Mdogo wangu ninaye mimi. Ni mwanamke mzima sasa, mzito kumwinua, na hajawahi kuniita jina. Kila asubuhi namtoa nje juani, namfunga kitambaa kifuani, namnywesha maji kwa kijiko. Anameza polepole, akinitazama machoni, na ananiamini.