Fundi wa Mabomba na Mkewe

Nyumba niliyoingia nilipoolewa ilikuwa na maji ndani. Ilikuwa miaka ya hamsini, kabla ya Uhuru, na kule kwetu nje ya Shinyanga, upande wa kuelekea Didia, jambo hilo lilikuwa la ajabu. Shangazi zangu walipokuja kunitembelea waliomba kufungua koki wenyewe, mmoja baada ya mwingine, wakicheka na kuruka nyuma kana kwamba maji yatawauma.

Mume wangu alikuwa dresa, mtibu msaidizi, wa zahanati ndogo ya pale, na nyumba tulipewa pamoja na kazi. Aliyeijenga alikuwa Mzungu mmoja wa kinu cha pamba, aliyekwisha kurudi kwao zamani. Pembeni mwa nyumba alijenga tangi kubwa la matofali na saruji, refu kumpita mtu. Wakati wa mvua maji yaliteremka kutoka kwenye bati yakalijaza, na hayo ndiyo yaliyotuvusha kiangazi, sisi na wagonjwa wa zahanati na majirani ambao visima vyao vilikauka mapema.

Lakini mabomba ya Mzungu yule yalikuwa yamezeeka. Kila asubuhi koki ya jikoni ilikohoa kwanza, kisha ikatoa maji ya rangi ya chai yenye ladha ya msumari. Nilizoea kuyaacha yatulie mtungini. Baadaye sakafu ya jikoni ikaanza kulowa, nikadhani ni mimi ninayemwaga ovyo, nikajikaripia. Kisha saruji ikapasuka, na kuku wakawa wanaingia ndani kunywa kwenye ufa.

Mume wangu alikuwa na desturi ya kuligonga tangi kwa kifundo cha kidole ili asikie maji yamefika wapi, vilevile alivyogonga vifua vya wagonjwa. Jioni moja aligonga, akainama, akagonga chini zaidi, halafu akanitazama.

"Maji yanakwenda," alisema. "Na mvua iko mbali."

Mafundi wa mabomba hawakupatikana vijijini. Walikuwa kwenye machimbo ya dhahabu, upande wa Geita. Mume wangu alituma ujumbe kwa madereva wa malori ya pamba, dereva akamwambia dereva mwenzake, na siku moja mchana lori likasimama barabarani mbele ya zahanati. Akashuka mwanamume mwembamba aliyevaa koti ingawa jua lilikuwa kali, na nyuma yake mwanamke mrefu, mpana wa mabega, akiwa na sanduku la chuma kichwani. Dereva alikuja nyuma akiburuta mabomba mapya.

Tulisalimiana. Niliwapa shikamoo, wakaitikia. Mwanamume alitaka kusema zaidi lakini kikohozi kikamkamata, akashika nguzo ya baraza mpaka kikapita. Nilimwona mume wangu akimtazama. Hakuhitaji kumgonga kifua huyo. Fundi alikuwa Mzinza, aliyechimba chini ya ardhi miaka mingi kabla ya kuhamishiwa kwenye mabomba ya mgodi, na vumbi la mwamba alilolivuta huko lilikuwa limebaki naye.

Mimi nilimchukua mkewe kama mgeni wa kike anavyochukuliwa. Nilimpeleka jikoni, nikamwekea kigoda, nikamsogezea viazi na kisu ili tuzungumze huku tukimenya. Alikuwa Msukuma mwenzangu, kwa hiyo nilifurahi. Akavitazama vile viazi kwa upole.

"Nitakusaidia jioni, mdogo wangu," alisema. "Sasa hivi nina kazi."

Akajifunga kanga kiunoni kwa fundo gumu, akafungua sanduku, akatoa mtaimbo, akaanza kuvunja sakafu yangu.

Sikuwahi kuona kitu kama kile. Mumewe aliketi kwenye kigoda nilichomwekea mkewe, akiwa na fimbo nyembamba mkononi, na kwa fimbo ile alionyesha: hapa, sasa hapa, simama. Mara nyingi hakusema neno. Aliinua kidole, mwanamke akageuza spana; alikunja kidole, akaacha. Walipofika kwenye bomba lenyewe, mwanamke alilikata kwa msumeno wa chuma, akanipa kipande nikitazame ndani. Kutu ilikuwa imejaa pande zote kama uji uliogandia sufuriani, na tundu lililobaki lisingepitisha kidole changu kidogo.

"Mmekuwa mkinywa kupitia hapo," alisema yule mwanamume, akatabasamu.

Bomba jipya walilibana kwenye jiliwa walilolifunga kwenye shina la mti wa uani, na mwanamke akachonga meno ya kuungia. Alisukuma mkono wa chombo cha kuchongea nusu mzunguko, akarudisha kidogo, akatia mafuta, akasukuma tena. Majirani walikuja kutazama. Mzee mmoja aliuliza kwa sauti kama hakuna mwanamume wa kufanya kazi ile. Fundi akamjibu bila ukali: "Yupo, ni mimi. Mikono yangu ndiyo hii." Akamwonyesha mkewe kwa fimbo. Mzee hakuondoka. Alikaa kutazama mpaka jua lilipozama.

Jioni mwanamke alitimiza ahadi yake, tukamenya viazi pamoja. Aliniambia kwamba mumewe alipoanza kuishiwa pumzi, yeye alikuwa akimbebea tu sanduku. Baadaye akawa anamshikia bomba. Baadaye akawa anamalizia mzunguko wa mwisho wa spana, ule mgumu. "Hatukukaa kikao," alisema. "Siku moja nilitazama nikaona ni mimi ninayefanya."

Kazi ya ndani ilikwenda vizuri. Hawakurudisha mabomba chini ya sakafu. Waliyapitisha juu ya ukuta, ili siku yakizeeka na haya yaonekane na yafikiwe. Kila kiungo walikizungushia katani iliyopakwa rangi, na fundi alikipapasa kwa kidole gumba kabla ya kukubali. Palibaki mahali pa mwisho, chini ya tangi, pale koki kubwa ya zamani ilipofunga maji yasitoke.

Koki ile fundi alitaka kuishughulikia mwenyewe. Alisema ni ya kubembelezwa. Alipiga magoti, akaishika kwa spana taratibu kabisa, na ikavunjika kama biskuti. Chuma kilikuwa kimeliwa chote, ikabaki rangi tu. Bomba likakatika ndani kabisa ya ukuta, na maji yakamrukia kifuani yakamwangusha chali.

Nilipiga kelele. Watu walikuja wakikimbia na mitungi, ndoo, masufuria, hata beseni la zahanati. Tulikinga tulichoweza, lakini mengi yalikwenda uani, yakapita chini ya ua, yakaingia shambani. Ng'ombe wa jirani waliyanusa, wakaja mbio. Mume wangu alichonga kipande cha mti, akajaribu kukipigilia tunduni. Maji yakakitema. Akajaribu tena, yakakitema tena. Nilikuwa nikiyaona maji ya kiangazi kizima yakienda, maji ya kuoshea vidonda, maji ya wanawake wa kujifungua.

"Litazibwa kwa ndani," fundi alisema. "Ndani maji yenyewe yatasukuma kizibo." Akasimama, akiwa amelowa, akaanza kufungua vifungo vya koti lake.

Mkewe alimwona. Aliokota gunzi la hindi lililokuwa chini, akaninyooshea mkono, nami nikaelewa nikavua kanga niliyojitanda, akachana kipande akalizungushia gunzi mpaka likawa nene. Alijifunga kamba kiunoni, akamtupia mume wangu ncha ya pili, na kabla fundi hajamaliza vifungo vyake alikuwa amekwisha kupanda ngazi.

Mdomo wa tangi ulikuwa juu, mwembamba, na maji yalikuwa bado yanampita kimo. Sisi ni watu wa nchi kavu. Hapakuwa na mmoja uani pale aliyejua kuogelea, naye pia hakujua. Alikaa ukingoni, akaingiza miguu, akatazama chini mara moja, akavuta pumzi, akazama.

Ndani ya tangi kulikuwa giza, na tundu lilikuwa dogo. Fundi hakuwa na pumzi ya kumpigia kelele, na hata angekuwa nayo sauti isingemfikia majini. Aliokota nyundo, akapiga magoti kwenye tope, maji yakimrukia usoni, akaanza kugonga ukuta pembeni mwa tundu. Ko. Ko. Ko. Polepole, sawasawa, ili mkewe aifuate sauti.

Mwanamke alitoka juu mara ya kwanza, akakohoa, akashika ngazi ya ndani, akazama tena. Fundi aliendelea kugonga. Alitoka mara ya pili, mume wangu akamwambia, "Dada, yatosha, yaache." Akatikisa kichwa, akazama. Safari hii alikaa muda mrefu mno. Mume wangu alianza kuvuta kamba, na fundi akainua mkono kumzuia, bila kugeuka, huku mkono mwingine ukigonga. Nilimchukia sana wakati ule. Kisha mrukio wa maji ukapungua, ukawa kama mkojo wa mtoto, ukawa matone. Palepale fundi akapaza sauti yote aliyokuwa nayo: "Vuta!"

Walimtoa akitetemeka, midomo imebadilika rangi, viganja vimechunwa na saruji. Mumewe alimngoja chini ya ngazi. Alimshika mguu akauweka kwenye kipago, kisha mguu wa pili, mpaka akafika chini, halafu akamvika lile koti lake, nalo limelowa chapachapa.

"Umekawia kutoka," alimwambia.

"Uligonga juu mno," alijibu mkewe.

Wakatazamana, wakaanza kucheka. Mwanamume alicheka mpaka kikohozi kikamshika, na mwanamke akampigapiga mgongoni kwa kile kiganja kilichochunika. Majirani nao wakacheka, wengine wakawa wanalia, mimi nikiwa mmojawapo. Mume wangu akaenda kuleta dawa ya viganja.

Tangi lilikuwa limepoteza karibu nusu. Nusu iliyobaki tuliitumia kwa uangalifu, na ilitufikisha kwenye mvua. Kesho yake, kwa viganja vilivyofungwa bandeji, mwanamke yule aliweka bomba jipya na koki mpya ya shaba, akaizungushia saruji, wakaiacha ikauke. Kisha wakalinasa gunzi kwa kitanzi cha kamba kupitia juu, wakalivuta. Aliniita jikoni nifungue mimi. Koki ilipumua upepo, ikatema uchafu kidogo, na maji yakaja meupe, nikaona mpaka kitakoni mwa bakuli nililokinga. Sikupata neno la Kiswahili la kutosha. Nilimwambia kwa lugha yetu, wabeja, wabeja, nikimshika mikono kwa kushukuru.

Jioni ile nilimuuliza kama hakuogopa.

"Niliogopa sana," alisema. "Lakini wewe hukumwona? Alikuwa anavua koti. Angeingia yeye, na kwa kifua kile asingetoka."

Nilikuwa na miezi michache tu ya ndoa. Nilikuwa nimesikia mafundisho mengi juu ya ndoa, kutoka kwa mama, kutoka kanisani, kutoka kwa wale shangazi. Hakuna lililonikaa kama kuwatazama wale wawili wakila ugali kwenye sahani moja, yeye akimmegea mumewe nyama laini bila kumtazama, naye akimsogezea maji ya kunawa kabla hajayaomba.

Fundi yule aliishi miaka kadhaa zaidi. Mume wangu alipata habari za kifo chake kutoka kwa madereva. Sisi baadaye tulihamishiwa Geita, na siku moja nikipita karibu na soko nilimwona mwanamke mrefu, mpana wa mabega, amepiga magoti ukutani mwa nyumba ya mfanyabiashara mmoja, anapapasa kiungo kwa kidole gumba. Nilisimama mpaka aliporidhika nacho.

Tulikumbatiana. Nilimpa pole ya mumewe, akaipokea. Kisha nikamuuliza watu wa mjini wanamchukuliaje, mwanamke, tena peke yake.

"Mwanzoni walisita," alisema, akifuta mikono. "Kisha mabomba yao yakapasuka."

Nilimkaribisha kwangu aje kula. Alisema atakuja jioni, akimaliza, na akaja.