Samaki Walioachishwa Dagaa

Mwanangu, umeniuliza uwalishe nini samaki wako, nami nimekumbuka soko la Kwa Sadala, nikiwa bado mke mgeni huku Masama, siku mama mkwe aliponigombeza mbele za watu.

Mume wangu Elirehema alikuwa amechimba bwawa chini ya migomba, tukafuga perege. Tulikuwa tumeambiwa samaki hanenepi bila dagaa. Basi kila siku ya soko nanunua, nasaga, nawamwagia. Siku hiyo nilichukua gunia la mwisho. Nyuma yangu alisimama dada mmoja na mtoto mgongoni, nywele za mtoto zimefifia, miguu imevimba. Alitaka kikombe kimoja tu cha dagaa amsagie kwenye uji. Muuzaji akamwambia wamekwisha, wamechukuliwa kulishia samaki.

Mama mkwe alikuwa mtu wa maneno machache.

"Aikande," akaniambia, "samaki wako wale, mtoto huyu akose?"

 Akafungua mwenyewe gunia langu, akamjazia yule dada kanga yake. 

Tangu siku hiyo niliapa sinunui tena. Elirehema akanuna. "Basi tulifukie bwawa, tupande magimbi," alisema. Nikamwomba anivumilie msimu mmoja. Niliwapa pumba na mashudu ya alizeti, lakini walidhoofu, vichwa vikubwa, miili kama majani. Nililia, sikufichi.

Halafu asubuhi moja, nikigeuza maganda ya kahawa na ndizi nyuma ya zizi, nikaona kuku wanapigania funza wanene. Walikuwa wa wale nzi weusi, wembamba, ambao hata jikoni hawaingii. Nikachota konzi moja, nikarusha bwawani. Maji yakachemka kwa samaki! Nikacheka peke yangu kama mwehu.

Nikakata pipa kuukuu, nikawafugia humo kwa maganda na mabaki ya jikoni. Nikawaanika juani, nikawatwanga, nikachanganya na pumba na mashudu. Samaki wakajaa mwili.

Ila watu nao! Wakasema ni samaki wa funza, na siku ya kuvua hakuja mnunuzi hata mmoja. Elirehema alikaa kwenye ukingo wa bwawa, ameshika tama. Mama mkwe akawaita kina mama wa kwaya, akakaanga perege mbele yao, akala wa kwanza mpaka kichwa. Akajifuta mdomo, akawauliza, "Na kuku mnaowagombania Krismasi, mnadhani wanakula mkate?"

Wakaangua kicheko. Wakala. Jioni hiyo tulivua mpaka nyavu zikachoka, na kesho yake Elirehema akaanza kuchimba bwawa la pili bila kuombwa.

Siku hizi nasikia hata Sanya Juu vijana wanafuga funza hao kwenye kreti, na wanawaita kwa majina ya kitaalamu. Nafurahi. Vifaranga wa samaki bado nawaongezea dagaa kidogo, sijapata njia nyingine. Labda wewe utaipata, nawe uje unifundishe.

Basi shika hili, mwanangu. Kabla hujamlisha mfugo wako, tazama kwanza kama kile unachomwaga si kitoweo cha jirani. Uchungulie jaa lako kabla ya kukimbilia soko, ila maganda yenye dawa ya kupulizia kahawa usiyaguse. Usiwageuzie samaki chakula kwa siku moja. Changanya taratibu, huku unawatazama. Na watu wakicheka, usigombane nao. Wakaangie.

Mungu ayajaze mabwawa yako, mwanangu, na mtoto wa jirani ashibe pamoja na wako.