Zeze la Babu na Mbegu ya Bibi

Mnisamehe mwandiko wangu na makosa ya herufi. Niliishia darasa la saba, naandika polepole, na mbele za watu naona haya kusema.

Nafanya kazi na shangazi kwenye duka lake la picha, Majengo. Kwenye kompyuta ya duka kulikuwa na picha za harusi za wateja, na video ya marehemu babu akipiga zeze kule Mlali. Bibi kila akija mjini alikaa kwenye kiti cha wateja na kusema, "Nifungulieni mzee wangu."

Shangazi hakuwa mzembe. Nakala ya kila kitu aliiweka kwenye flashi. Ila flashi yenyewe aliiacha imechomekwa kwenye kompyuta ileile, isipotee. Umeme ukakatika, ukarudi kwa nguvu, ukaunguza vyote viwili. Fundi alijaribu, akashindwa. Wateja tuliwaomba radhi, wengine walinuna. Lakini tuliyemwogopa ni bibi.

Alipofika nilimpa shikamoo, nikajificha nyuma ya pazia la kupigia picha. Shangazi akamweleza.

"Si ulisema zipo mbili?" bibi akauliza.

"Zilikuwa mbili, mama. Zilikaa pamoja."

Bibi akafuta macho kwa kanga. Kisha akasema, "Mbegu ya mtama naning'iniza jikoni juu ya moshi, nyingine napeleka kwa dada yangu ng'ambo ya korongo. Nyumba ikiungua, bado napanda. Hukuliona hilo tangu utoto? Au ulikuwa unaangalia ugali tu?"

Shangazi akacheka huku analia.

Baadaye kaka yangu alikuta kipande cha video kwenye simu yake ya zamani. Babu anakaza uzi wa zeze, anamfukuza mbuzi, halafu kinakatika kabla hajapiga. Bibi anakirudia hichohicho. "Angalau anagomba," anasema.

Siku hizi kazi za wateja tunaziweka dukani, nyumbani Nkuhungu, na kwa bibi Mlali, flashi ikiwa ndani ya kibuyu cha mbegu. Nanyi wenye maduka, na hata wenye simu tu, fanyeni hivyo mapema.

Na kama uliwahi kualikwa harusi Mlali, ukarekodi mzee mwembamba mwenye kofia nyekundu akipiga zeze, tafadhali niandikie. Hata kama ni kidogo. Bibi anasubiri.