Kiraka cha Sanda

Wiki iliyopita niliingia duka moja pale Buguruni kununua vifungo, nikakuta mwenye duka amepanga vichupa vya gundi mezani. Ni ya nguo, aliniambia. Unapaka, unabandika, basi, huna haja ya sindano wala uzi, na hata ukifua haitoki. Nikamwuliza, "Na mtu akitaka kukibandua kiraka?"

Alinitazama kidogo. "Kijana, akibandue cha nini?"

Nilitoka bila vifungo. Tangu nimalize chuo ndivyo nilivyo: jambo dogo linaniingia kichwani asubuhi, hadi jioni bado naligeuzageuza. Hili acha nikusimulie wewe, labda litatulia.

Utaikumbuka Mbagala ya wakati wa vita vikuu vya pili, mikorosho mitupu, nyumba moja hapa na nyingine kule. Mama alifariki akinizaa, baba alichukuliwa uaskari hakurudi, nikalelewa na bibi. Alfajiri nilichota maji kisimani, nikirudi nakuta muhogo umechemka, tunakula na chumvi, ndipo naenda shule. Nguo zilikuwa zimeadimika. Watu wazima walivaa magunia waliyoyatoboa shingo, na hakuna aliyewacheka, maana kesho ingekuwa zamu yako.

Mie nilikuwa na kaptura moja ya shule, na nyuma ilikuwa imekwisha kabisa. Nyumbani kwetu palikuwa na kitambaa kizima kimoja tu, nacho ni sanda ya bibi. Wazee wengi wa kwetu walijiwekea sanda mapema, wasije wakawahangaisha majirani. Yake ilikuwa amerikani nyeupe, imekunjwa chini ya sanduku pamoja na pamba na udi. Siku moja aliitoa, akakata kipande pembeni.

Hakukishona. Kwake yeye, nguo ya kaburini haipigwi sindano kwenye vazi la aliye hai. Uzi ungemfunga mtoto na kaburi. Kwa hiyo alikibandika. "Tunaazima tu," alisema. Siku nitakapopata kaptura nyingine tutakiloweka, kitatoka, kitarudi kwa wenzake.

Tulianza na wanga wa muhogo, uliosongwa mzito, ukapakwa kwa kidole na kuanikwa juani. Ulishika, ila ulinuka uchachu, na mende waliupenda. Asubuhi tulikuta wametafuna wanga na kitambaa chake. Bibi akakata kingine. Tukajaribu utomvu wa mkorosho, ule unaoganda shinani kama sukari guru. Tuliuloweka ukalainika, lakini ulipokauka ulikuwa mgumu kama kuti, ukinikwaruza kila nikikaa, na jasho likiulegeza. Kiraka kilichopakwa utomvu huo kilibaki na madoa ya kahawia, hakikufaa tena kurudi sandukani. Bibi akakata kingine. Nilikuwa naiona sanda ikipungua, nami nikawa naogopa kukaa, naogopa kukimbia, naogopa joto.

Jirani yetu, mama aliyeosha maiti za wanawake, alikuwa na maneno. Aliniona natembea nimeshika nyuma kwa mikono miwili, akamtania bibi: "Shoga, umesahau? Nguo ya kuazima haisitiri matako." Bibi alicheka, akaendelea kukoroga.

Kisha siku ya ukaguzi kiraka kilidondoka mstarini, mbele ya shule nzima. "Bendera imeshuka," mmoja alisema, wakaangua kicheko. Mwalimu hakucheka. Aliniambia kwamba mtihani wa kuingia shule ya mjini ni wiki inayofuata, na asiyesitirika hataruhusiwa kuufanya. Kwa mtoto wa kwetu, kuukosa ule mtihani kulikuwa ndio mwisho wa kusoma.

Nilimweleza bibi nikilia. Kesho yake aliutema kwa panga mfenesi ulio nyuma ya nyumba, utomvu mweupe ukadondokea kwenye kifuu, akaupasha moto polepole mpaka ukawa ulimbo, ule wa kunasia ndege. Akakata kipande kikubwa kuliko vyote, akakibandika, akakikandamiza kwa jiwe. Nilimwuliza tutakitoaje, maana ulimbo wa fenesi hautoki kwa maji.

"Sasa si ya kuazima," alisema.

Nilifanya mtihani, nikafaulu. Masika yalipoingia bibi alishikwa na homa, na haikumwacha. Jirani alifungua sanduku, akaitandaza amerikani juu ya mkeka, akaipima kwa mkono, akarudia kuipima. Haikutosha, na madukani hakukuwa na nguo. Alinivua kaptura, akaitia katika maji ya moto, akavuta. Kiraka hakikusogea. Mafuta ya nazi yangekitoa, alisema, lakini yangeacha doa. Ya taa yangeacha harufu, na maiti hazikwi akinuka taa. Mwishowe aliifua kanga kuukuu ya bibi, akamfunika nayo kichwa. Mwalimu wa msikiti alisema inatosha, dhiki ina hukumu yake.

Jirani alinirudishia kaptura ikichuruzika maji. "Vaa," aliniambia. "Bibi yako alikuwa anajua anachokibandika."

Hapo ndipo ninapokwama. Pengine alitumaini vita vitakwisha na nguo zitarudi madukani kabla ya siku yake. Pengine hakutumaini lolote. Nikisema alijua, sipati usingizi. Nikisema hakujua, siupati vilevile.

Siku hizi amerikani imejaa madukani hadi darini. Ile kaptura bado ninayo. Kaki yake imeoza, ukiigusa inachanika, ila kiraka ni kizima. Jumapili niliifunga katika karatasi nikaenda nayo Mbagala, niifukie ubavuni pa kaburi lake. Halikuwa na jina. Tulilijua kwa kuwa lilikuwa kati ya mfenesi na mkorosho wa kwanza. Miti yote miwili imekatwa, watu wamejenga vyumba vya kupangisha. Mama mmoja aliyekuwa akianika nguo aliniona nazungukazunguka, akaniuliza nimepoteza nini.

Nilimwamkia shikamoo, nikamwambia napita tu. Nikarudi nayo nyumbani.