Mwali Nyuma ya Mkeka

Nyuma ya nyumba ya Mwanahalima binti Pazi, kule Kisarawe mlimani, kuna chumba kisicho na dirisha. Zamani, ukipita njia ya kisimani wakati wa alasiri, ulisikia mnong'ono humo ndani, mrefu, usiokatika. Sasa hausikiki. Chumba kimejazwa magunia ya mihogo mikavu, na wapitao hawapunguzi tena mwendo.

Mwanahalima alikuwa kungwi. Msichana akivunja ungo aliwekwa ndani, na yeye ndiye aliyemfunda mpaka siku ya kuchezwa ngoma na kutolewa nje. Mwali haoni jua. Mwanamume hamwoni, wala haisikii sauti yake. Akiwa na neno humnong'oneza kungwi, na kungwi ndiye hulisema. Walimu wa shule walijua jambo moja tu kuhusu chumba kile: msichana aliyeingia humo hakurudi darasani. Akitoka, posa huwa imekwisha kupokewa.

Yeye mwenyewe yalimpata. Aliwekwa ndani akiwa chuo cha Kurani, katikati ya juzuu yake ya kwanza, na alipotolewa alikuta juzuu amepewa mdogo wake wa kiume. Hakulalamika, na hakuna aliyemuuliza.

Mwaka 1949 mwali wake alikuwa Mboni, binti wa Mfaume mchuuzi wa nazi. Mboni alikuwa darasa la nne, na posa yake ilikuwa imekwisha kupokewa. Mtihani wa kwenda shule ya kati ulikuwa kabla ya mavuno, na ngoma haiwezi kuchezwa kabla ya mavuno. Wageni wangelishwa nini na mpunga ungali shambani? Aliyekosa mtihani ule, masomo yake yaliishia hapo.

Jioni moja Mwanahalima alimkuta akichora kwa kijiti kwenye majivu ya jikoni.

"Unaandika nini, we mtoto?"

"Hesabu, somo," Mboni alimjibu kungwi wake.

"Hizo hesabu ndizo zitakazokuja kukuoa?"

Mboni akacheka, akakumbuka kwamba mwali hacheki, akajiziba mdomo kwa kaniki. Mwanahalima aliyatazama majivu kwa muda. Hakuyafuta.

Kesho yake alimwendea Mwalimu Genoveva, binti wa misheni ya Pugu, mwalimu wa kike pekee pale shuleni, aliyekuwa katika mwaka wake wa kwanza wa kazi.

"Wewe si mwanamume," alimwambia. "Hakuna mila inayokuzuia kuingia kwangu. Ila ukipaza sauti, nakutoa."

Ndivyo mnong'ono ulivyoanza. Genoveva alifundisha kwa kunong'ona, Mboni akasoma kwa kunong'ona, na Mwanahalima akakaa mlangoni akisuka ukili, akiridhika kwamba hata mbuzi aliyefungwa nje hakuinua sikio.

Iliyobaki ilikuwa ruhusa ya Mfaume.

"Atatokaje huyo mwali?"

"Kama anavyotoka kuoga. Gubigubi. Na huko atakaa nyuma ya mkeka."

"Mkwe wangu akisikia?"

"Mkweo anasinzia mpaka kwenye maulidi. Atasikia nini?"

Mfaume alicheka bila kutaka. "Sauti ya mwanangu isisikike, bibi. Hilo tu."

"Haitasikika."

Siku ya mtihani mkeka ulisimamishwa kwenye pembe ya darasa, na Mwanahalima akaketi mbele yake. Wavulana walisema gunia limekuja kufanya hesabu. Mboni alifanya hesabu, akaandika imla, karatasi ikapitishwa chini ya mkeka. Halafu mkaguzi aliyetoka Dar es Salaam akatoa kitabu na kusema kwamba sasa kila mmoja atasoma kwa sauti. Genoveva alimtazama Mwanahalima. Katika miezi yote ile, hakuna kati yao aliyekumbuka kwamba kusoma ni kitu cha kusikiwa.

"Soma, binti," alisema mkaguzi. Mkeka ulinyamaza. "Soma!" Akangoja. "Huyu hajui. Anayefuata."

Mwanahalima aliinuka. "Bwana, mwali hasemi na wewe. Anasema na mimi, mimi nasema na wewe. Hata mama yako aliposwa hivyo hivyo."

Darasa likaangua kicheko. Mkaguzi hakucheka. "Nitajuaje kama si wewe unayesoma?"

"Kitabu kiko kwake. Mimi nakutazama wewe. Na hata ningekitazama, kwangu hizo ni nyayo za kuku."

Akaupa mkeka mgongo, akaegemeza sikio, macho usoni pa mkaguzi. Mnong'ono ukaja, naye akautoa nje kipande kwa kipande: mvua inyeshapo mlimani huchukua udongo, na mkulima asiyeweka matuta hubaki na mawe. Mara akasita.

"Nini?" aliuuliza mkeka. Akasikiliza. "Anasema hilo neno hajapata kuliona."

Wavulana walicheka tena. Mkaguzi aliinamia nakala yake, akalitafuta neno, akalikuta pale pale lilipopaswa kuwa. Lilikuwa gumu kweli. Akamtazama yule mama aliyekuwa bado hajageuza shingo.

"Aliruke," alisema. "Aendelee."

Mboni alifaulu. Baada ya mavuno alichezwa ngoma, akatolewa nje juu ya mabega ya wajomba, na Januari akaondoka na sanduku la bati. Wakwe waliambiwa wangoje, hawakungoja. Mfaume hakuwa na la kulaumu, maana sauti haikusikika. Baba wengine walilaumu, wakapeleka binti zao kwa makungwi wengine. Baadhi ya mama walikuja kwa mlango wa nyuma kuuliza kama yule mwalimu bado anaingia. Aliingia miaka kadhaa, mpaka alipohamishwa. Wasichana wachache walitoka katika chumba kile wakarudi shule. Wengi hawakurudi.

Uzeeni Mwanahalima alihamia Kongowe, upande wa Kibaha, katika chumba cha uani cha nyumba ya Mwalimu Mboni.